Askari wa Getini Asiondolewe

Ndugu msikilizaji, wiki hii kijana mmoja mwandishi wa programu za kompyuta alinijia akichekelea. Programu yake ya kupanga matangazo yetu ilikuwa ikisuasua. Akazima ukaguzi wa mipaka, ikaanza kwenda mbio. Nilimpongeza, lakini usiku nikaingiwa na wasiwasi.

Ukaguzi huo ni nini? Kompyuta huweka taarifa katika visanduku vyenye namba. Orodha ikiwa na visanduku 10, na programu ikaomba cha 11, ukaguzi husema: hakipo, simama. Ni askari wa getini anayehoji kila aingiaye. Swali moja si kitu. Maswali milioni huchelewesha msafara.

Hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1957 John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM walitoa kompaila ya Fortran, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. Wengi walidhani urahisi huo utazaa programu goigoi. Timu hiyo ikatoa jasho kuifanya kompaila yenyewe iwe hodari. Kompaila hodari za leo, zikithibitisha kwamba namba haiwezi kuvuka mpaka, hulifuta swali. Askari yupo, ila hahoji mara mbili.

Mwaka 1980, akipokea Tuzo ya Turing, Tony Hoare wa Uingereza alisimulia kwamba kampuni yake iliwahi kuwauliza wateja wa lugha ya Algol kama wangependa uwezo wa kuzima ukaguzi. Wote walikataa. Wengine hawakusikia. Mwaka 1988 mdudu wa Morris alivamia maelfu ya kompyuta za Intaneti, na mlango wake mmojawapo ulikuwa programu ya lugha ya C iliyopokea maneno bila kuhesabu kama nafasi inatosha.

Basi nikamwambia kijana: mdogo wangu, kabla ya kumfukuza askari, pima kwanza. Tukapima. Tukakuta kwamba kwa kila tangazo moja alikuwa akinakili orodha nzima upya, kwa amri fupi ya neno moja tu! Akairekebisha, akamrudisha askari, na programu ikabaki na mbio zake.

Urahisi una bei, msikilizaji. Lakini tusilipe deni la uvivu kwa kuuza usalama.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.