Usaili wa kazi nyuma ya kamera za michezo, Texas

Msikilizaji, mtu anayetazama mchezo wa Dallas Cowboys au wa Houston Rockets kwenye televisheni humwona mtangazaji na kumsikia mchambuzi. Hawaoni wale walioketi ndani ya gari refu la matangazo lililoegeshwa nyuma ya uwanja: mtayarishaji anayeamua kisa gani kisimuliwe, mwongozaji anayechagua picha ya kamera gani iende hewani, fundi wa marudio, mwandishi wa takwimu zinazopita chini ya kioo, na mwisho kabisa wa orodha, msaidizi wa utayarishaji, ambaye hubeba karatasi, chakula na lawama. Nafasi ya huyo wa mwisho ndiyo mlango wa kuingilia. Wengi wanaoongoza matangazo hayo leo walianzia hapo.

Texas si mgeni katika kazi hii. Tarehe 20 Januari 1968, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Houston iliifunga UCLA pointi 71 kwa 69 mbele ya watazamaji zaidi ya 52,000. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa vyuo wa msimu wa kawaida kuoneshwa nchi nzima katika saa za jioni zenye watazamaji wengi, nao uliwafundisha wenye televisheni kwamba michezo ya vyuo inauzika. Miaka mingi baadaye FIFA ilipopanga Kombe la Dunia la 2026, uwanja wa Arlington, ulioko kati ya Dallas na Fort Worth, ulipangiwa mechi 9, idadi kubwa kuliko uwanja mwingine wowote. Houston ilipangiwa mechi 7, na jumba la mikutano la Dallas likateuliwa kuwa kituo cha kimataifa cha matangazo.

Waafrika Mashariki nao wamekuwa na njia yao katika miji hiyo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alimalizia masomo ya sekondari Houston kabla ya kwenda chuo kikuu, na mwaka 2011 akarudi mjini humo kama mchezaji wa Rockets. Mkongo Dikembe Mutombo alicheza misimu yake ya mwisho katika timu hiyohiyo, hadi alipoumia goti mwaka 2009. Hao waliingia kwa urefu wa kimo. Kijana mwenye kimo cha kawaida, aliyejifunza kazi katika redio ya Bukavu au kwenye matangazo ya ligi ya Tanzania, hana budi kuingia kwa usaili.

Swali la kwanza huwa jepesi: jieleze. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu ya malezi zaidi kuliko ujinga. Mtoto wa Tanga au wa Bukavu amekua akisikia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akiulizwa alifanya nini katika kazi yake ya awali, hujibu kwa wingi: tulirusha mechi, tulifanikiwa, tulishirikiana vizuri. Hayo ni maneno ya adabu. Lakini msaili wa Dallas hamjui huyo “sisi”. Ana nusu saa, ana waombaji wengine wanaosubiri nje, na anachoandika katika daftari lake ni kwamba haijulikani mtu huyu alifanya nini hasa.

Dawa yake si kuanza kujigamba. Waombaji wanaosema kuwa wao ni hodari kuliko wote huwachosha wasaili wa Texas kama ambavyo wangewachosha wazee wa Tanga. Kinachotakiwa ni ushahidi. Chukulia mwombaji anayesema hivi: mvua kubwa ilinyesha kipindi cha pili, kamera ya upande wa jua ikazimika; nilikuwa kwenye mashine ya marudio, nikamwambia mwongozaji kwamba kamera ya nyuma ya goli inaona uwanja mzima, akaitumia kwa dakika 11 hadi fundi alipomaliza. Mwenye kusema hivyo hakujisifu hata kidogo. Ametaja tatizo, ametaja alichotenda yeye, ametaja matokeo. Msaili aliyewahi kukaa ndani ya gari la matangazo ataiona mvua hiyo mbele ya macho yake.

Kuna adabu nyingine inayoponza, nayo ni kuitikia ndiyo kwa kila jambo ili kumstahi mkubwa. Je, unaifahamu mashine hii? Ndiyo. Umewahi kuandaa michoro ya takwimu? Ndiyo. Katika maongezi ya kawaida ndiyo hiyo haidhuru, bali ndani ya gari la matangazo itajulikana ndani ya dakika tatu za kwanza, tena mbele ya watu wote. Mashine za marudio za kampuni ya EVS ya Ubelgiji hutumika katika viwanja vya mabara yote, hivyo aliyezigusa Afrika aseme amezigusa, na aliyekuwa amesimama tu nyuma ya mwendeshaji aseme alisimama nyuma yake akijifunza. Jibu la pili nalo lina thamani.

Msaili huweza pia kupima ujuzi wa michezo yenyewe. Kujua habari za Simba na Yanga, au za Gor Mahia, hakutoshi mahali ambapo neno la Kiingereza la kandanda humaanisha mchezo mwingine kabisa, unaochezwa zaidi kwa mikono. Mwombaji ajue kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na ajue ule mstari wa manjano unaochorwa kwenye kioo tangu mwaka 1998 unaonesha nini. Njia nafuu ya kujifunza ni viwanja vya shule za sekondari, ambavyo Texas havifanani na vya shule popote pengine. Mji wa Allen, kaskazini mwa Dallas, ulifungua mwaka 2012 uwanja wa shule wenye viti 18,000 uliogharimu dola milioni 60. Aliyeshika kamera siku ya Ijumaa usiku katika mechi ya shule ana jambo la kusimulia Jumatatu.

Swali lingine linalopendwa ni hili: kosa likitokea hewani utafanya nini? Houston ina mfano wake. Katika fainali ya Super Bowl ya tarehe 1 Februari 2004, kifua cha mwimbaji Janet Jackson kilifichuka wakati wa burudani ya mapumziko, kwa muda usiotimia sekunde moja. Serikali iliitoza CBS faini ya dola 550,000, na kesi iliendelea hadi mwaka 2012 kabla ya faini hiyo kufutwa moja kwa moja. Hakuna msaidizi wa utayarishaji anayetarajiwa kuzuia mambo kama hayo. Anatarajiwa aseme kwamba angetoa taarifa mara moja kwa aliye juu yake, bila kuficha na bila kumtafuta wa kulaumiwa, kisha aendelee na kazi, maana mchezo haumsubiri mtu.

Kuhusu haki, mambo machache yatoshe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya asili ya taifa lake, na lafudhi haiwi kisingizio isipokuwa inapozuia kweli utendaji wa kazi yenyewe. Mwajiri anaruhusiwa kuuliza kama mwombaji ana kibali cha kufanya kazi Marekani. Akishaajiri, haruhusiwi kuchagua kati ya hati halali ni ipi aoneshwe. Lipo pia jambo ambalo wageni wengi hawalijui: vituo vya redio na televisheni vyenye wafanyakazi 5 au zaidi wa muda wote vinatakiwa na Tume ya Mawasiliano, FCC, kutoa kila mwaka taarifa ya nafasi walizojaza, njia walizotumia kuzitangaza, na idadi ya watu waliosailiwa kutoka kila njia. Taarifa hiyo huwekwa hadharani. Anayeisoma kabla ya kuomba atajua kituo hicho huwapata watu wake wapi.

Mwisho wa usaili msaili huuliza: una swali lolote? Wengi hujibu hapana, asante, nayo ni hasara, kwa kuwa biashara hii imeyumba sana katika miji hii miwili. Houston ilianzishiwa kituo cha timu zake mwaka 2012. Mwaka uliofuata kesi ya kufilisika ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mwaka 2014 kikabadilishwa jina, huku wafanyakazi wake wengi wakipoteza ajira. Mwaka 2023 mrithi wake naye aliachia, timu za Astros na Rockets zikakichukua kituo wenyewe. Mwaka huohuo kampuni ya Diamond, iliyokuwa na haki za timu za Dallas, iliomba kinga ya kufilisika katika mahakama ya Houston. Mavericks na Stars waliondoka kwake mwaka 2024, wa kwanza wakaenda kwenye televisheni za bure, wa pili kwenye intaneti. Rangers wakaanzisha mtandao wao mwaka 2025.

Kwa hiyo mwombaji na aulize bila haya: haki za kutangaza timu hii zinakwisha mwaka gani? Kazi ni ya kudumu, au ni kibarua cha kulipwa kwa mechi? Bima ya afya ni ya nani? Na mechi ikiwa Houston ilhali nyumbani ni Fort Worth, safari ya zaidi ya kilomita 380 kwa barabara, nani analipa mafuta na kitanda?