Mhamiaji Asiyekaguliwa Mpondwe

Askari aliye zamu katika kituo cha mpaka cha Mpondwe, karibu na Bwera, hukagua pasipoti, mizigo na silaha. Magendo anayajua, na njia za panya za mto Lhubiriha anazijua pia. Lakini yuko mhamiaji mmoja apitaye mbele ya macho yake akiwa amejibanza katika tope la matairi.

Mhamiaji huyo ni gugu karoti. Asili yake ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko, nalo limeenea duniani kwa meli, likijichanganya na nafaka na mbegu za malisho. Huko Queensland, Australia, lilitambuliwa mwaka 1955, na wataalamu hulihusisha na mitambo na vipuri vya ndege za Marekani vilivyoteremshwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilikwisha, gugu likabaki.

Uganda haina bahari. Hata hivyo Kasese imefungamana na bandari ya Mombasa tangu reli ilipoufikia mji huo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Na sasa malori huleta shehena za bandari hiyo hadi Mpondwe, yakielekea Beni na Butembo. Gugu karoti liliripotiwa Uganda mwaka 2008, hasa kandokando ya barabara, na limeingia hata katika Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Jani lake lafanana na la karoti, na ua lake ni dogo, jeupe; asiyelijua hulidhania pambo. Mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Hudhoofisha mahindi, husonga malisho, hutia uchungu maziwa ya ng'ombe walilao, na huwapa watu upele na pumu. Kwa wafugaji wa Kisongora hilo si jambo la mzaha.

Tangu Novemba 2021, ilipoanza operesheni Shujaa ya majeshi ya Uganda na Kongo, magari ya kijeshi yamekuwa yakivuka mpaka wa magharibi. Ni mkaguzi gani wa mazao atakayethubutu kulisimamisha lori la jeshi? Amri ya kuliosha haina budi kutoka kwa kamanda mwenyewe: matairi, chini ya bodi, na mahema pia. Maji machafu yaelekezwe mahali pamoja, na miche itakayochipua hapo ing'olewe kwa glavu kabla ya kuchanua. Gugu hili huweza kuchanua katika majuma manne. Kambi inayofyeka mara moja kwa mwezi itakuwa imechelewa.