Bega Ndani ya Mbavu: Gamba la Kobe kama Sehemu ya Mwili



Gamba lililo mezani hapa ni la kobe aliyekufa zamani, nami nimelilaza chali kwa makusudi. Mkija kulitazama baadaye, angalieni ndani. Mtaona uti wa mgongo umepita katikati yake, pingili kwa pingili, umeungana nalo kabisa. Kushoto na kulia zinatoka mbavu, nazo zimezama katika mfupa wa gamba. Hamtapata mahali pa kusema hapa gamba limekoma, na hapa kobe ameanza. Tumezoea kumfikiria kobe kama wale kaa wa ufukweni wanaoazima makombe ya konokono waliokufa na kuyahama wakikua. Katuni nazo humwonyesha akivua gamba, akioga, kisha akilivaa tena. Kobe akitoka katika gamba lake atakuwa ameacha nyuma uti wa mgongo na mbavu zake.

Gamba lina sehemu mbili, ya juu mgongoni na ya chini tumboni, zilizoungana ubavuni. Kwa pamoja zina mifupa ipatayo 50. Ya juu imejengwa kwa pingili 10 za kiwiliwili pamoja na mbavu zilizotanuka hadi zikagusana. Ya chini ina, miongoni mwa mingine, mitulinga, ile mifupa ambayo sisi tunaipapasa chini ya shingo. Kwa kobe imekuwa bapa na kushika sehemu ya mbele ya tumbo. Juu ya mifupa hiyo kuna ngozi hai, nyembamba, na juu ya ngozi kuna vipande vya keratini, kitu kilekile kinachojenga kucha zetu. Michoro tunayoisifu kwa nje ni mipaka ya vipande hivyo. Mipaka ya mifupa iliyo chini hupita mahali pengine, na kupishana huko huliongezea gamba uimara. Humo mna damu na mishipa ya fahamu. Kobe akiguswa gambani, anahisi.

Sasa naomba kila mmoja apeleke mkono nyuma ya bega lake. Mfupa bapa unaougusa ni kombe la bega, nao umelala nje ya mbavu. Ndivyo ulivyo kwa ng'ombe, kwa kuku, kwa mjusi ukutani. Kwa kobe na kasa, kombe la bega liko ndani ya mbavu. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliye hai leo aliyepangwa hivyo. Nimefundisha anatomia kwa miaka mingi, na kila ninapofika hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili bado linanistaajabisha. Bega liliingiaje ndani?

Jibu tumelipata ndani ya yai. Kiinitete cha kobe, kikiwa kichanga sana, hakitofautiani mno na cha kuku. Kisha ubavuni hutokea ukingo mdogo wa ngozi ulionyanyuka. Mwaka 1989 mwanabiolojia wa Marekani Ann Burke alieleza uzito wa ukingo huo: badala ya kujipinda kushuka kifuani kama zetu, mbavu za kobe huelekea kwenye ukingo, zikakua kwa nje ndani ya ngozi, zikatanda kama mbavu za mwavuli. Mwaka 2009 Hiroshi Nagashima, Shigeru Kuratani na wenzao nchini Japani walilinganisha viinitete vya kobe, kuku na panya. Walionyesha kwamba ukuta wa mwili wa kobe hujikunja kwa ndani kandokando ya ukingo huo. Kwa hiyo bega halikusafiri kuingia kifuani. Mbavu ndizo zilizotanuka juu yake na kulifunika.

Kwa muda mrefu wanasayansi walibishana juu ya asili ya gamba. Wapo waliosema lilianza kama vibao vya mfupa vilivyoota katika ngozi, mfano wa vile vilivyo mgongoni mwa mamba, vikaja kushikamana na mbavu baadaye. Wengine walisema mbavu zenyewe ndizo zilizopanuka. Mwaka 2008 kilitangazwa kisukuku kutoka Guizhou, China, kilichopewa jina Odontochelys, cha miaka takriban milioni 220 iliyopita. Mnyama huyu alikuwa na meno, ambayo kobe wa leo hawana. Gamba la tumboni lilikuwa limekamilika. Mgongoni hakuwa na gamba kamili, alikuwa na mbavu pana, wala vile vibao vya ngozi havikuwepo. Kwa maoni yangu, hoja ya vibao haijapata nguvu tena tangu siku hiyo.

Bara letu nalo lina sauti katika habari hii. Katika miamba ya Karoo, Afrika Kusini, kuna visukuku vya Eunotosaurus, mnyama wa miaka takriban milioni 260 iliyopita, mwenye mbavu pana kupita kiasi. Si wote wanaokubali kwamba yumo katika ukoo wa kobe. Mimi namkubali, kwa namna mbavu zake zilivyo. Mwaka 2016 mtafiti Tyler Lyson na wenzake walipendekeza kwamba mbavu hizo zilipanuka kwanza ili kuimarisha kiwiliwili wakati wa kuchimba ardhi kwa mikono. Ikiwa ni hivyo, kinga dhidi ya meno ya adui ilikuja baadaye, juu ya kazi nyingine kabisa.

Mbavu zikishafungamana, hazipandi wala kushuka, na pumzi lazima itafutiwe njia nyingine. Kobe huvuta na kutoa hewa kwa misuli iliyozunguka matumbo na mapafu yake. Ile sauti ya "sss" anayoitoa anapojikunyata, ambayo watoto hudhani ni hasira, ni hewa inayosukumwa nje ya mapafu ili kichwa na miguu ipate nafasi.

Kazi ya gamba inayonigusa zaidi haionekani kwa macho. Kanada na kaskazini mwa Marekani yupo kobe wa majini, Chrysemys picta, anayepitisha majira ya baridi chini ya barafu, wakati mwingine katika maji yasiyo na oksijeni. Donald Jackson wa Chuo Kikuu cha Brown aliwachunguza kobe hawa kwa miaka mingi. Katika baridi ya nyuzi 3 za Selsiasi wanaweza kuishi zaidi ya miezi 3 bila oksijeni. Mwili usiopata oksijeni hujaa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ingeua. Gamba huachia madini yake, yakiwemo ya kalsiamu, yakaipunguza makali asidi iliyo katika damu. Na sehemu kubwa ya asidi yenyewe huingia na kuhifadhiwa ndani ya gamba mpaka barafu iyeyuke. Kitu kinachobadilishana madini na damu hivyo ni kiungo cha mwili, kama ini lilivyo kiungo.

Tusidhani pia kwamba magamba yote ni mazito. Katika miamba ya Tanzania na Kenya anaishi kobe bapa, Malacochersus tornieri, ambaye mifupa ya gamba lake imeachwa na matundu mapana, likawa jepesi na la kunyumbulika. Akiona hatari hukimbia, akajipenyeza katika ufa wa jiwe na kujikaza humo. Amevunwa mno kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, hata mwaka 2019 akaingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Pwani yetu imeuza gamba la ng'amba, aina ya kasa, tangu zamani sana. Kitabu cha Periplus, cha karne ya kwanza, kinalitaja miongoni mwa bidhaa za bandari ya kale ya Rhapta. Kilichouzwa ni vile vipande vya keratini vya juu, na moto ulitumika kuvibandua kwenye mfupa. Wasafiri wa karne ya 19 huko Asia waliandika kuhusu ng'amba waliobanduliwa wakiwa hai na kurudishwa baharini. Nasikitika kila ninapowafikiria, kwa sababu najua kilichobaki chini kilikuwa ngozi yenye fahamu.

Nasema haya kwa sababu bado naulizwa kama kuna ubaya kumtoboa kobe gambani ili afungwe kamba. Upo. Kekee inapita katika mfupa ulio hai, na tundu linakuwa njia ya vijidudu. Gamba lililopasuka kwa kugongwa na gari hupona kama mguu uliovunjika unavyopona, kwa kusafishwa, kuunganishwa na kukaa miezi mingi. Anayemwokota kobe wa namna hiyo barabarani asimzibe kwa gundi, maana uchafu utafungiwa ndani. Amfunike kwa kitambaa safi, amweke kwenye boksi kavu, na ampeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.