Kisanduku na wapagazi wake

Nyumbani kwangu hapa Tabora kuna kisanduku kidogo kinacholeta filamu na vipindi kwenye runinga kwa njia ya intaneti. Wauzaji hukisifu: hakuna dishi, hakuna king'amuzi. Wasichosema ni kwamba kinakula bando. Saa moja ya picha safi yaweza kufikia gigabaiti tatu.

Mji huu unalijua somo hilo. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara zaidi ya miezi mitano akingoja wapagazi. Shehena alikuwa nayo, lakini bila wapagazi hakusonga. Bando ndilo mpagazi wetu. Likiisha, kiduara huzunguka kwenye kioo na watoto hununa.

Faida zipo. Mama mkwe hutazama taarifa ya habari akisharudi shambani, hata kama saa yake imepita. Mtoto husimamisha somo la hesabu, akalirudia mpaka alielewe.

Kwa hiyo, usiulize bei ya kisanduku peke yake. Uliza na bando la mwezi mzima. Likigusa fedha ya ada au ya unga, kiache dukani. Na wewe muuzaji, sema kweli hiyo kabla hujapokea fedha ya mtu.