Daktari Asiyedunga Sindano: Nafasi za Masomo ya Uzamifu kwa Vijana wa Visiwani

Maneno kwa baraza la wananchi, Kisiwa cha Takawiri



Mwaka 2012 watafiti walizunguka Mfangano, Takawiri, Kibuogi na Ngodhe wakipima malaria. Watu wakatobolewa kidole, likatoka tone la damu. Ikaonekana kwamba wengi waliokuwa na vimelea mwilini hawakuwa na homa hata kidogo. Walikuwa wakienda ziwani na kuanika omena kama kawaida. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016 na kusomwa na wanasayansi wa nchi nyingi.

Utafiti wa namna hiyo ndilo darasa la wanafunzi wa uzamifu, yaani PhD. Mwenye shahada hiyo huitwa daktari, ingawa wengi wao hawajawahi kumdunga mtu sindano, na mama anayemkimbilia na mtoto mgonjwa huelekezwa zahanati. Kazi yake ni kutafuta jibu la swali ambalo bado halijajibiwa. Maswali hayo yamejaa ziwani humu. Vijana wa visiwani huwaendeshea watafiti boti, huwabebea masanduku na kuwatafsiria Kidholuo, kisha boti huondoka. Je, lini kijana huyo atarudi yeye mwenyewe na sanduku lake?

Mlango wa karibu uko Mbita. Kituo cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kina kampasi pale yenye jina lake. Tangu 1983 icipe inaendesha mpango wa ARPPIS, unaowafundisha wanafunzi wa uzamifu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu cha Afrika, akafanya utafiti wake icipe kwa takriban miaka 3 akilipiwa. Aliyepata ufadhili kwingine anaweza kuingia kwa mpango wa DRIP.

Anachopata pale si maabara tu. Hujifunza kuandika ombi la fedha, kuchanganua takwimu, kuchapisha makala na kusimama mbele ya watu akaeleza. Hayo ndiyo yanayomtofautisha mwenye PhD anayeitwa kazini na yule anayezunguka na bahasha. KEMRI na KMFRI huko Kisumu, vyuo vikuu vya Maseno, Jaramogi Oginga Odinga na Tom Mboya, vyote ni mahali ambapo ujuzi huo unahitajika.

Mfano mzuri uko Rusinga. Kati ya 2012 na 2015, mradi wa SolarMal uliweka mitego ya mbu inayotumia nguvu za jua, na nyumba zikapata taa na mahali pa kuchaji simu. Maambukizi ya malaria yalipungua kwa karibu asilimia 30 palipokuwa na mitego. Wanafunzi wa uzamifu, Wakenya wakiwemo, walisomea humo. Mmoja huhesabu mbu, mwingine huuliza kwa nini watu wanaupenda mtego au wanauzima usiku. Kwa hiyo hata aliyesomea masuala ya jamii ana nafasi.

Fedha nazo zina masharti. Shirika la Ujerumani la DAAD hufadhili uzamifu humu Afrika Mashariki, lakini kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Wengi hukosa hapo. Mtu humaliza uzamili, akasema atapumzika kwanza, akaoa, akajenga, na akikumbuka mlango umefungwa. Hazina ya Taifa ya Utafiti, NRF, pia hutangaza ruzuku, ila si kila mwaka.

Ngazi yenyewe huanza chini. Asiyefanya vizuri Bayolojia, Kemia na Hisabati katika sekondari hupata taabu baadaye kuingia shahada za sayansi. Aliye chuoni aombe mafunzo ya vitendo Mbita mapema, kwa barua ya chuo chake, asisubiri mwaka wa mwisho.

Na mtafiti akishuka ufuoni, chifu amwombe kibali cha NACOSTI, na mwenye nyumba amwulize ni mwezi gani atarudi kusoma matokeo hapa barazani. Kijana wa boti naye amwulize alisomea wapi na nani alimlipia karo.