Bima Si ya Wazima Peke Yao

Vijana wa Sikonge,

Je, mwenzenu mwenye selimundu akatiwe bima? Wapo wanaosema atamaliza hela za mfuko. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi. Sababu? Wengi waliletwa wakiwa tayari wagonjwa. Ikaelekezwa wajiunge kupitia shuleni.

Lakini selimundu mtu huzaliwa nayo! Angejiunga lini kabla ya kuugua? Dawa si kumfungia mlango. Dawa ni sisi wazima tujiunge mapema, tena wengi. Ndiyo maana mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Waambieni wazazi: pesa ya tumbaku au asali ikiingia, bima kwanza!