Maneno ya Mama ni Amana

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kusema, na akautia moyo wa mama huruma kabla mwana hajajua kuomba. Tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na katika dhahiri, kwani hakika wamefuzu wamchao.

Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlio majumbani! Mtu anapofariki, jamaa zake hukutana wakatazama alichokiacha, na sharia yetu imekwisha weka mafungu: huyu apate nusu, yule apate thumuni, na yule sudusi. Lakini uko urithi mmoja usioingia katika hesabu hiyo, nao hupotea upesi kuliko nyumba na shamba. Urithi huo ni yale maneno ambayo mama aliyarudia kila siku mbele ya wanawe, jikoni na barazani, mpaka yakawaingia bila wao kujua. Leo tuzungumze juu ya urithi huo: nguvu yake yatoka wapi, nayo ina haki gani juu yetu.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameijaalia sura nzima ya Qurani, sura ya 31, iitwe kwa jina la mzazi aliyekuwa akimnasihi mwanawe, naye ni Luqman. Ukiyatazama mawaidha yake utaona ni maneno ya nyumbani: mwana asimshirikishe Mungu, asimamishe sala, asubiri apatwapo na msiba, asitembee kwa maringo, aishushe sauti yake. Na katikati ya mawaidha hayo, Mola wetu ametaja taabu ya mama, jinsi achukuavyo mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha akamwachisha mwana ziwa baada ya miaka miwili. Basi tusiyadharau maneno ya nyumbani, hali ya kuwa Mwenyezi Mungu ameyahifadhi maneno ya mzazi mmoja yasomwe mpaka Kiyama.

Nao wema waliotutangulia waliijua thamani ya maneno ya mama. Sufyan Al-Thawri, mwanachuoni mkubwa wa Kufa aliyezaliwa mwaka 97 wa Hijra, alikuwa na mama aliyekuwa akisokota nyuzi. Imepokewa ya kuwa mama huyo alimwambia mwanawe ashughulike na elimu, naye atamtosheleza kwa kipini chake cha kusokotea. Kisha akamwusia kuwa kila aandikapo maneno kumi aitazame nafsi yake: je, amezidi upole na utulivu? Ikiwa hakuzidi, basi ajue elimu ile haimfai. Naye Imam Shafi, ambaye madhehebu yake yafuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akafiwa na baba yake angali mchanga. Ni mama yake aliyemchukua mpaka Makka, naye ni mjane asiye na mali ya kumlipa mwalimu. Hapa kwetu, Bibi Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipokuwa mgonjwa katika mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa mawaidha. Hakutaka mwanawe abaki bila ya maneno ya mama yake.

Wahenga wetu wamesema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu, ndugu zangu, ni mwalimu asiye na huruma.

Nitakupeni mfano niujuao vizuri, nao ni wa mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulikuwa watoto wanne katika mtaa mmoja wa Tanga. Baba alifariki tungali wadogo, na mama akawa akitulea kwa kuuza vitumbua. Usiku akiloweka mchele, alfajiri akiutwanga, na baada ya sala ya Asubuhi harufu ya iliki imekwisha enea uani. Mchana akisuka ukili pamoja na wanawake wa jirani. Hakusoma ila chuo cha Qurani, lakini alikuwa na maneno yake.

Neno la kwanza. Siku tulizojaaliwa kupata samaki au nyama, mchuzi ulipoanza kutokota, mama alikuwa akisema: "Harufu imekwisha tangulia, chakula kifuate." Hapo mmoja wetu hupewa bakuli, akaambiwa alipeleke kwa bibi kizee aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya ua wetu. Mara nyingine mchuzi wenyewe ulikuwa mwembamba kwa maji aliyouongeza. Nilipokuwa mkubwa nikasoma katika hadithi za Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr, apikapo mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke majirani zake. Nikafahamu ya kuwa hadithi ile nilikwisha ila nikiwa na umri wa miaka sita, kabla sijaisoma.

Neno la pili. Wanawake walipokuwa wakisuka ukili, mmoja wao akiinuka kwenda zake, wakati mwingine mazungumzo yalianza kumwelekea aliyeondoka. Mama hakuwa akigomba wala kuwaaibisha wageni wake. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kwenye ukili wake: "Mkeka wake ungali na joto." Basi mazungumzo hugeuka. Katika sura ya Hujurat, Mwenyezi Mungu amemfananisha msengenyaji na mtu alaye nyama ya nduguye aliyekufa. Sisi watoto hatukuijua tafsiri ya aya hiyo, lakini tuliujua ule mkeka. Mpaka leo, mtu akiondoka barazani, jicho langu huangalia mahali alipokuwa ameketi.

Neno la tatu si lake peke yake, ni la Waswahili wote: "Dawa ya deni kulipa." Mchele na sukari akivichukua kwa mkopo dukani, na jioni akikaa kuhesabu fedha. Kwanza hufunga ya mwenye duka katika pindo la kanga, kisha ndipo hutazama iliyobaki, kama yatosha kitoweo au haitoshi. Mwaka mmoja, katika masika, mwenye duka alifariki, na daftari lake la madeni lilikuwa limeharibiwa na mchwa. Hakuna aliyejua nani alidaiwa nini. Mama alivaa buibui lake, akatuchukua wawili wetu, akaenda kwa mjane wa marehemu, akamwekea fedha mkononi na kumtajia hesabu yote. Siku ile tulikula muhogo mkavu kwa chai ya rangi, wala hatukuambiwa kwa nini. Hatukuhitaji kuambiwa.

Enyi Waislamu! Hapa ndipo penye siri ya jambo hili. Maneno ya mama yule hayakushika mioyo yetu kwa kuwa yalikuwa matamu. Yalishika kwa kuwa hakulisema neno ila vitendo vyake vilikwisha litangulia. Katika hadithi ya Abu Daud, sahaba Abdullah bin Amir amesimulia ya kuwa alipokuwa mtoto mama yake alimwita, akamwambia aje ampe kitu. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa ameketi nyumbani mwao, akamwuliza mama: ulikusudia kumpa nini? Akajibu: tende. Mtume akamwambia ya kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Itazameni, ndugu zangu, hadhari ya Mtume wetu! Tende moja tu, na mtoto mdogo tu. Lakini mtoto adanganywaye kwa tende hatasadiki tena aambiwapo juu ya sala.

Nasema maneno haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Neno la mzazi hujaribiwa pale mwenyewe anapokuwa hayupo tena. Mama yetu alipofariki, na siku ya kuanua matanga ikafika, alikuja mwanamke mmoja wa mtaani, kijumbe wa upatu, akakaa pembeni kwa haya. Akasema ya kuwa marehemu alikuwa amekwisha pokea zamu yake, na zimebaki zamu tano hajazilipia. Hapakuwa na karatasi wala shahidi aliyekuwapo pale. Mjomba wetu mmoja akaona ni vigumu kutoa fedha kwa neno tupu, hasa kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kidogo. Nyumba ikanyamaza. Kisha dada yetu mdogo akasema maneno matatu tu: "Dawa ya deni..." wala hakumaliza. Hapakuwa na haja ya kumaliza. Tulijua ya kuwa mama alikuwa akicheza upatu huo, na tulijua mama yetu alikuwa nani. Asubuhi yake wanawake wengine wa upatu waliulizwa, wakathibitisha, na deni likalipwa lote kabla ya kugawanywa hata sufuria moja.

Na hivyo ndivyo ilivyo sharia. Katika sura ya Nisaa, Mwenyezi Mungu ameyapanga mafungu ya mirathi baada ya kutimizwa wasia na kulipwa deni. Na Bukhari amepokea ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari 3 asiache cha kulipia, naye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Wangapi leo wamelala makaburini, na watoto wao wanagombania mabati ya nyumba, hali ya kuwa madeni yao hayajaulizwa?

Basi wewe ambaye mama yako yu hai, usingoje. Nenda kwake leo hii baada ya sala. Usimpelekee fedha tu na kuondoka. Kaa naye, mwulize alilelewa vipi na mama yake alikuwa akisema nini. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani astahikiye zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu, kisha akamtaja baba. Na katika kumtendea wema ni kumsikiliza, ijapokuwa hadithi ile umekwisha isikia mara mia.

Na wewe ambaye mama yako ametangulia, mlango haujafungwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa baada ya kufa wazazi hubaki kuwaombea rehema na msamaha, kuzitimiza ahadi zao, kuunga udugu waliokuwa wakiuunga, na kuwaheshimu rafiki zao. Waulize rafiki za mama yako. Huenda wanayo maneno yake ambayo wewe hukuyasikia.

Tena tujue ya kuwa si kila neno la wazee hufuatwa. Likienda kinyume na amri ya Mwenyezi Mungu, kama kutegemea hirizi au kumdharau mtu kwa kabila lake, halifuatwi. Lakini tuliache kwa adabu, kwani Mola wetu ameamrisha katika sura ya Luqman ya kuwa hata wazazi wamkazaniao mwana amshirikishe Mungu, hawatiiwi katika hilo, na bado akae nao kwa wema.

Nanyi akina mama, na akina bibi, na akina dada wakubwa mleao watoto wa wenzenu! Mtoto yu karibu nanyi, anasikiliza. Mnayoyasema juu ya jirani, juu ya deni, juu ya ombaomba aliyesimama mlangoni, ndiyo atakayoyasema yeye baada ya miaka arubaini. Chagueni maneno yenu, na yatanguliwe na vitendo vyenu.

Ewe Mola wetu! Warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Waliotangulia, yatie nuru makaburi yao na uwalipie madeni yao kwa mikono ya watoto wao. Walio hai, wape afya na utupe sisi subira ya kuwatumikia. Mayatima na waliolelewa na wasio mama zao, usiwanyime malezi mema. Zijaalie ndimi zetu ziwaachie watoto wetu maneno yasiyotuaibisha mbele yako Siku ya Hesabu. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala.